Msikilizaji wa Chumba cha Betri

Mjukuu wangu wa kike ameajiriwa na kampuni moja ya simu huko Nairobi. Nilipomuuliza anafanya kazi gani hasa, alivuta pumzi kwanza, kisha akasema yuko kwenye idara inayohakikisha kampuni inatimiza matakwa ya kisheria kuhusu usikilizaji halali wa mawasiliano. Nikamwambia, "Aa, kumbe umeajiriwa chumba cha betri." Hakuelewa.

Basi nyinyi vijana mnaofanya kazi kama yake, mnaokalia viti vya kuzunguka mkingoja amri ya mahakama iingie kwenye kompyuta, zimeni simu zenu kidogo. Mimi kazi hiyo niliifanya Isiolo nikiwa na koleo, bisibisi na mkasi wa kuchuna waya, na hakuna aliyeniambia kwamba ina jina refu hivyo. Nilijua tu kwamba nikiulizwa, nilikuwa natengeneza betri.

Miaka ya sabini, simu zote za Isiolo zilipitia kwenye ubao mmoja, na ubao huo ulikuwa wa opereta wetu, Mama Kagendo. Ukitaka kuongea na mtu ulinyanyua mkono wa simu, taa ikawaka kwenye ubao, naye akakuuliza unamtaka nani. Nambari zilikuwepo lakini watu waliona ni kumpa kazi bure. Walisema, "Mama, nipe Mzee Galgalo," naye alijibu, "Hayupo dukani, nimemwona akienda msikitini. Mpigie baadaye." Alimjua mgonjwa, mwenye deni, na aliyerudishiwa posa. Kwa hiyo mtu anapoongea juu ya usiri wa simu zamani, mimi hucheka. Sheria ilidai karatasi yenye sahihi ya waziri ili mtu asikilize laini moja. Mama Kagendo alisikiliza mji mzima huku akisuka sweta.

Hata hivyo, msimamizi wetu, Bwana Riungu, aliamini sheria kama watu wengine wanavyoamini dawa. Alikuwa Mmeru mrefu, mkavu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata kwenye jua la Januari. Alikuwa ameagiza kwamba opereta akishaunganisha watu wawili, afunge swichi yake na asisikie zaidi. Mama Kagendo aliitii amri hiyo kila Bwana Riungu alipokuwa chumbani.

Mimi nilikuwa fundi. Kazi yangu kubwa haikuwa siri yoyote. Ilikuwa tembo. Tembo akiwashwa mgongo hutafuta kitu cha kujikunia, na serikali ilikuwa imempandia nguzo nzuri za kujikunia kuelekea kaskazini. Tukimaliza kusimamisha nguzo, tunakuta waya wa shaba umegeuka bangili kwenye mikono ya akina mama. Wakati mwingine nilikutana na bangili hizo sokoni nikazijua kwa unene wake. Ningefanya nini? Huwezi kumvua mama wa watu simu ya Marsabit mkononi.

Ndipo akaja Bwana Wekesa.

Alifika asubuhi moja akiwa amevaa suti ya pamba ya kijivu, na hapo hapo mji mzima ulijua kwamba ni mtu wa usalama, maana Isiolo hakuna mwingine aliyevaa suti siku ya mnada wa ng'ombe. Alitoa kibali kwenye mkoba. Bwana Riungu alikisoma akiwa amesimama, akakirudia, kisha akaniita.

"Fundi Jillo, hapa pameandikwa nambari moja. Ni ya duka la Mzee Galgalo. Na pameandikwa tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Umeona?"

"Nimeona."

"Sasa sikiliza. Wewe unaunganisha. Bwana Wekesa anasikiliza. Wewe husikilizi. Bwana Wekesa haunganishi. Kila mtu akae kwenye upande wake."

Mzee Galgalo alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye duka karibu na soko, ndevu zimepakwa hina, mtu wa maneno machache. Siku hizo sisi watu wa kaskazini tulitazamwa kwa jicho la pembeni, na Mborana mwenye lori na simu alitazamwa kwa macho yote mawili. Kulikuwa na fununu kwamba lori lake lilibeba bunduki. Mimi nilimjua tangu utotoni, na sikuamini, lakini hakuna aliyeniuliza ninaamini nini. Nilijua pia kwamba watu walikuwa wakichukuliwa kwa fununu ndogo kuliko hiyo, na wengine hawakurudi haraka.

Chumba pekee kilichokuwa na mlango wa kufunga kilikuwa chumba cha betri. Hapo ndipo yalipokaa masanduku ya vioo yaliyojaa asidi, yanayolisha umeme mtambo mzima. Harufu yake hukukwaruza koo. Nilimwekea Bwana Wekesa kiti, meza na kisikilizio cha kuvaa kichwani, nikamwonya asiguse chochote. Hakugusa. Lakini asidi ya betri haingoji kuguswa. Inarusha mvuke mwembamba usiouona, unatua kwenye nguo, na baada ya kufuliwa mara moja suruali inakuwa chandarua. Wiki ya pili suti ya kijivu ilikuwa na matundu kwenye magoti yote mawili. Kijana, kama kazi yako itakupeleka karibu na betri za aina hiyo, vaa sufu au vaa nguo usiyoipenda. Hilo halijabadilika.

Sasa, kuunganisha. Ukichukua kisikilizio ukakipachika moja kwa moja kwenye waya mbili za mtu, kinainyonya laini. Sauti inafifia kwa pande zote mbili, na mtu yeyote mwenye masikio anajua kuna jambo. Mimi nililijua hilo darasani, ila siku ile nilikuwa na haraka, Bwana Wekesa amenisimamia mgongoni. Nikapachika tu.

Kesho yake Mzee Galgalo akaja ofisini.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Mzee."

"Jillo, simu yangu inaumwa. Naongea na Nairobi kama naongea na mtu aliye ndani ya kisima. Mnafanya nini na laini yangu?"

Bwana Riungu akainua macho kutoka kwenye meza yake. Mtu ambaye hakuwahi kusema uongo ofisini alinitazama mimi, akanitazama tena, kisha akasema kwa heshima kubwa, "Mzee, malalamiko yako ni ya haki. Fundi atarekebisha leo."

Na kweli nilirekebisha. Nilitoa kapasita mbili kwenye redio iliyokufa, nikazipanga kati ya laini na kisikilizio, nikaongeza kikuza sauti kidogo nilichotengeneza mwenyewe, ili sikio la Bwana Wekesa lipate kusikia bila kula umeme wa mwenye simu. Kisha kwa ajili ya kukamilisha adabu nikaenda dukani, nikafungua simu ya mzee, nikaipuliza vumbi, nikaifunga. Mzee alijaribu kupiga. Sauti ilikuwa nzuri kuliko kabla hajaanza kusikilizwa. Akanishukuru, akaniitishia chai ya maziwa ya ngamia. Nilikunywa. Ningekataa ingekuwa vibaya zaidi.

Bwana Wekesa alikuwa amechaguliwa kwa kazi hii kwa sababu alijua Kiborana. Alikuwa amefanya kazi Moyale. Lakini Kiborana alichokijua kilikuwa cha amri. Njoo. Keti. Simama hapo. Bunduki iko wapi? Kwenye simu ya Mzee Galgalo hakuna aliyeambiwa asimame hapo. Watu walisalimiana. Simu ya mbali ililipiwa kwa dakika tatu tatu, na dakika tatu za kwanza zote ziliisha kwenye salamu: amani ya watu, amani ya ng'ombe, amani ya ngamia, mvua, malisho, wazee, wagonjwa, tena amani. Bwana Wekesa alitoka chumbani jioni ya kwanza amechoka kabisa.

"Fundi," aliniuliza, "hawa watu huwa wanaanza kuongea saa ngapi?"

"Wameshaongea, Bwana."

Pole pole akaanza kuelewa. Alijua bei ya madume ya Merti kabla ya madalali. Alijua kwamba Mzee Galgalo alikuwa na binti aitwaye Talaso, aliyeolewa Nairobi na karani wa reli, na kwamba mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Talaso, alikuwa akipiga simu kila Alhamisi akitaka kujua kama binti anakula. Talaso alikuwa amepoteza mimba mbili. Sasa alikuwa na ya tatu. Siku moja Bwana Wekesa alitoka chumba cha betri macho mekundu, nikadhani ni asidi, nikamletea maji. Akasema, "Si asidi. Yule mama amelia leo." Kisha akakumbuka kwamba sikupaswa kujua, akayanywa maji yote.

Katikati ya hayo likaja jambo la bomba.

Mzee Galgalo alimpigia mkwewe, na katika Kiborana chao likatumbukia neno la Kiswahili: bomba. Bomba limefika. Vyuma vyake vingine vinakuja na lori. Usimwambie mtu yeyote mpaka kila kitu kifungwe. Bwana Wekesa alisikia bomba, akasikia vyuma, akasikia usimwambie mtu, na mtu aliyelelewa na Kiborana cha bunduki iko wapi, unafikiri aliona nini akilini? Aliona mtutu. Alipeleka ripoti Nairobi. Siku lori lilipokuja, askari walilisimamisha nje ya mji, wakamshusha dereva na Mzee Galgalo mwenyewe, wakawalaza chini kifudifudi juani, mzee wa umri ule, ndevu kwenye mchanga.

Walifungua masanduku. Vilikuwa vyuma vya bomba la kuvuta maji. La kisima cha Korbesa, kijijini kwao mzee. Alilificha kwa sababu habari zikifika Merti kwamba Korbesa kuna maji ya mashine, mifugo yote ya kaskazini ingejaa pale kabla bomba halijafungwa.

Mimi nilimwona akirudi mjini. Alikuwa amejikung'uta mchanga, lakini hakuutoa wote. Alipita mbele ya ofisi yetu bila kusalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Bwana Wekesa alikuwa mlangoni. Aliingia ndani akafunga mlango wa chumba cha betri, na siku hiyo sidhani alivaa kisikilizio.

Aliandika ripoti ya kweli. Naamini hivyo, maana aliisoma kwa sauti mbele ya Bwana Riungu: mtu huyu hana bunduki, ana bomba la maji. Majibu ya wakubwa yakaja: mtu anayeweza kuficha hata bomba la maji ni hodari sana wa kuficha, aendelee kusikilizwa. Na kibali kikaongezwa muda.

Msifikiri kwamba wakati wote huo hatukuwa na majaribu mengine. Mlango ukifunguliwa kidogo, kila mtu anataka kuchungulia. Mkubwa mmoja wa wilaya, jina lake nimelizika pamoja naye, alipata habari kwamba kuna chumba cha kusikiliza. Alikuwa akimfuata mwanamke mmoja muuza miraa, mrembo, mwenye ulimi mkali, naye alitaka kujua huyo mwanamke anaongea na nani jioni. Akaja ofisini kwetu akaketi bila kukaribishwa.

"Riungu, na laini ya yule mwanamke, niunganishie."

"Kibali kiko wapi, mheshimiwa?"

"Kibali? Mimi ndiye kibali."

Bwana Riungu akafungua droo, akatoa muhuri wa ofisi na kidau cha wino, akaviweka mezani taratibu. "Basi lala hapa, mheshimiwa, nikugonge muhuri."

Mama Kagendo alidondosha sindano za kusukia. Mkubwa aliondoka akiahidi kwamba Riungu ataenda kusimamia simu za Mandera. Hakwenda Mandera, lakini tangu siku hiyo hakupandishwa cheo tena hadi anastaafu. Nilimuuliza miaka mingi baadaye, mtambo wa simu wa kujiendesha, usiohitaji opereta, ulipokuwa umekuja na Mama Kagendo amerudi Meru na sweta zake, kama alijuta. Akasema, "Fundi, mlango ule ulikuwa na ufunguo mmoja. Ningemkatia yeye wa pili, kufikia Krismasi mji wote ungekuwa na ufunguo." Hakucheka. Wala hakuwa mtu wa kuchekesha. Ile ya muhuri nadhani alikuwa ameisema kwa dhati.

Sasa niwaambie siku ya mwisho.

Kibali cha nyongeza kilikuwa kinaisha. Jioni ya siku ile ya mwisho, Talaso alipelekwa hospitali Nairobi kwa uchungu. Mkwe wa Mzee Galgalo alipiga simu kusema, na Bwana Wekesa alisikia. Alinifuata nikifunga ofisi, akasahau kabisa kwamba mimi sikupaswa kujua kitu. "Fundi, amepelekwa. Miezi haijatimia sawasawa. Watapiga asubuhi."

Asubuhi Bwana Wekesa alikuwa mlangoni kabla yetu. Alishaingia chumba cha betri na kuvaa kisikilizio wakati Bwana Riungu alipotokea, kibali mkononi.

"Bwana Wekesa, kimekwisha jana."

"Najua. Nipe asubuhi hii tu."

"Fundi, kata."

Nikaenda kwenye fremu ya waya na koleo langu. Hapo hapo Mama Kagendo akaita kutoka kwenye ubao, "Nairobi wanamtaka Mzee Galgalo!" Hakuna aliyesogea. Bwana Wekesa alitoka chumbani na kile kisikilizio kichwani, waya unaning'inia.

"Bwana Riungu, tafadhali. Mimi sasa hivi sisikilizi kama askari. Nataka tu kujua kama mtoto amezaliwa salama."

"Ndiyo sababu hasa siwezi kukuruhusu," Bwana Riungu akasema, lakini kwa sauti ya chini, si ya ofisini. "Kama askari ungekuwa na kibali. Kama jirani, jirani hapaswi kuwa kwenye waya za watu. Fundi."

Nilikata. Waya mbili nyembamba, haikuchukua nguvu yoyote. Mama Kagendo akaunganisha Nairobi na duka, kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akafunga swichi yake bila kutazama nani yuko chumbani. Bwana Wekesa alimtazama. Mama Kagendo akatikisa kichwa. Hakusikia.

Taa ya laini ile ilikaa ikiwaka. Ikazimika. Mazungumzo yameisha, na sisi wanne tuliokuwa tumeishi ndani ya nyumba ya mzee muda wote ule tukawa hatujui lolote.

Bwana Wekesa alichukua kofia yake. "Tembea na mimi, Fundi," akasema. Tulikwenda dukani. Mzee Galgalo alikuwa nyuma ya meza yake ya kuuzia, uso umefungwa kama kawaida yake, hausomeki. Kutoka nyuma ya pazia tulisikia wanawake, lakini sauti za wanawake wengi pamoja zinaweza kuwa za furaha au za msiba mpaka uzijue.

"Kilo ya sukari," Bwana Wekesa akasema.

Mzee akapima sukari.

"Na majani ya chai."

Akapewa.

"Na sabuni." Sabuni ikaja. "Na kiberiti." Kiberiti kikaja. Angeuliza nini? Kuuliza ni kukiri. Alizungusha macho kwenye rafu akitafuta kitu kingine cha kununua, suruali yake imetoboka magotini, jasho likimtoka, nami nikiwa kando yake nikisoma tangazo la dawa ya kupe.

Mzee Galgalo aliweka mikono yote miwili mezani.

"Ni msichana," akasema kwa Kiswahili, polepole, ili askari asipoteze neno. "Mdogo, lakini analia kwa nguvu. Mama yake mzima."

Bwana Wekesa aliacha kutafuta kwenye rafu.

"Tangu siku ya bomba nilijua," mzee akaendelea. "Habari ya lile lori niliisema kwenye simu tu, si kwingine. Nilitaka kuing'oa ile simu ukutani. Mama Talaso akanikataza. Alisema kama serikali imesikia tukilia, basi ingoje na isikie tukifurahi, isiondoke ikidhani sisi ni watu wa vilio tu."

Mimi nilikwisha soma tangazo la dawa ya kupe hadi jina la mpiga chapa.

Mwisho Bwana Wekesa akavua kofia. Akaanza kwa Kiborana, si kile cha Moyale, ila kile alichojifunza kwenye kiti cha chumba cha betri: amani ya watu, amani ya ng'ombe, amani ya ngamia, mvua, malisho, wazee, wagonjwa, na amani tena. Hakuruka hata moja. Mzee alimjibu kila moja, kama desturi inavyotaka, bila kutabasamu na bila haraka.

Walipomaliza, Bwana Wekesa akauliza, "Ameitwa nani?"

"Hilo hatukulisema kwenye simu," Mzee Galgalo akajibu, akimsogezea sukari yake. "Jina litatolewa hapa nyumbani, Talaso akija. Utakuja ulisikie ukiwa umekaa mbele yetu, kama watu wengine."